Kinubi Mkononi: Alama za Bendi, toka Pwani hadi Mpanda

Mkusanyaji wa alama za kale za bendi za jeshi huanza na shaba. Kinubi kidogo mkononi humtambulisha mpiga muziki wa jeshi la Waingereza; mabawa ya nguo mabegani, ambayo Wajerumani huyaita viota vya mbayuwayu, humtambulisha mwenzake wa upande wa pili. Majeshi ya mataifa hayo ndiyo yaliyopigana Afrika ya Mashariki kuanzia 1914 hadi 1918.

Lakini shaba haisemi yote. Tangu miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa walikwisha kuitwaa bendi ya jeshi wakaifanya ngoma yao: ndiyo beni, yenye gwaride, sare, vyeo, nishani na nyimbo za kujibizana. Askari na wapagazi wa Vita Kuu waliieneza bara hadi Tabora na Ujiji. Vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa na wafalme na majenerali wao. Vilisaidiana katika ugonjwa na mazishi. Terence Ranger aliyachunguza hayo katika kitabu chake cha 1975.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo. Cheo cha jeshini alikitoa mtawala. Cheo cha beni walikitoa wenzi. Aliyebeba mizigo ya watu mchana aliweza kuwa jenerali jioni. Nishani yake haikuingia katika vitabu vya serikali, na wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Huko Katavi hasara hiyo ni nyepesi kutokea. Reli kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, miaka mitano tu baada ya Vita Kuu vya Pili. Utawala nao ulihamahama: Mpanda ilikuwa chini ya Tabora, kisha Rukwa, na Mkoa wa Katavi ukazaliwa 2012. Mafaili yakitafutwa, hutafutwa katika miji mitatu.

Basi anayeokota kipande cha shaba mikononi mwa mjukuu wa askari asianze kwa kuuliza bei. Na aulize: aliivaa nani, na siku ile ilipigwa ngoma gani? Jibu likiandikwa, kinubi kitalia tena. Lisipoandikwa, kitabaki chuma kama vyuma vingine.