Matofali ya Jiankou
Kaskazini mwa Beijing, kwenye vilele vya Jiankou, ipo sehemu ya Ukuta Mkuu wa China ambayo kwa muda mrefu iliachwa bila kukarabatiwa. Ngazi zimebomoka, miti imeota kwenye njia ya walinzi, na penye mwinuko mkali mgeni hupanda kwa miguu na mikono. Akisimama kuvuta pumzi, hujiuliza: ni nani waliyapandisha matofali haya?

Watawala wa Ming (1368–1644) waliwatumia askari, wakulima na wafungwa. Wengi wao hatuyajui majina yao. Kule Badaling, palipokarabatiwa tangu miaka ya 1950, ngazi zimenyooka na kuna vyuma vya kushikia, hivyo ni rahisi kuwasahau. Jiankou haikuruhusu usahau.

Mwaka 1644 waasi wa ndani waliiteka Beijing. Muda mfupi baadaye, jenerali Wu Sangui aliwafungulia Wamanchu lango la Shanhaiguan, wakapita na farasi wao. Waliobeba matofali hadi vileleni hawakuulizwa neno kuhusu lango hilo. Kazi yao ingali imesimama. Dola iliyowatuma ilianguka mwaka uleule.