Tone la Maji Juu ya Jiwe la Wino



Wapendwa, aliyewahi kufika Kunduchi, kaskazini ya jiji la Dar es Salaam, huenda ameyaona makaburi ya kale yenye nguzo, ambamo zamani yalipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler, baada ya kuzunguka pwani yetu hadi Kilwa, alisema kwamba historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini tangu karne ya kumi imeandikwa kwa kauri za China. Ni kauli nzuri, ingawa sisi wa Makere na Buha yote tuna haki ya kutabasamu kidogo: mzee yule aliitazama pwani, akalisahau bara. Kauri ya pwani ilikuwa chombo cha mezani na pambo la msikiti na kaburi. Leo napenda tusafiri mbali zaidi, hadi Korea, ambako kauri ilikuwa pia mtumishi wa kalamu. Nina sababu: Kanisa la nchi ile lilizaliwa juu ya meza za kuandikia.

Chombo ninachokisema huitwa yonjok. Ni kichupa kidogo cha kauri, chenye kuenea kiganjani, cha kudondoshea maji. Msomi wa Korea hakuwa na wino wa chupa. Alikuwa na kipande kigumu kilichotengenezwa kwa masizi na gundi, akakisugua kwa maji juu ya jiwe lililochongwa kishimo. Maji yakizidi, maandishi hufifia; yakipungua, brashi hugoma. Ndiyo maana yonjok ina matundu mawili madogo, moja la maji na jingine la hewa. Ukiziba la hewa kwa kidole, maji hayatoki. Ukiachia, linadondoka tone, kisha jingine. Mafundi walizifinyanga kwa umbo la tunda la pichi, samaki, chura, hata nyumba ndogo yenye paa. Tanuri za serikali katika wilaya ya Kwangju, karibu na Seoul, zilichoma kauri za ufalme wa Choson tangu karne ya 15 hadi miaka ya 1880. Nyingi zilikuwa nyeupe tupu, au nyeupe yenye michoro michache ya buluu, kwa kuwa wasomi wale, wafuasi wa Confucius, waliona kwamba weupe usio na makuu ndio adabu. (Tena buluu iliagizwa kutoka nje kwa bei kubwa; fadhila na mfuko vilikubaliana.)

Juu ya meza za namna hiyo, katika nusu ya pili ya karne ya 18, vilisomwa vitabu vya Kikatoliki vya lugha ya Kichina, vilivyoletwa na wajumbe waliorudi kutoka Peking. Kimojawapo kilikuwa cha Mjesuiti Matteo Ricci, kilichotoka mwaka 1603. Nchini hakukuwa na mmisionari hata mmoja. Wasomi walisoma, wakabishana, wakanakili kwa mkono. Mwaka 1784 mmoja wao, Yi Sung-hun, aliyefuatana na baba yake katika msafara wa Peking, akabatizwa huko kwa jina la Petro, akarudi na kuwabatiza wenzake. Kwetu njia ilikuwa kinyume: Mapadre Weupe walifika Ujiji mwaka 1879 baada ya safari ya miguu kutoka pwani, mtu alitangulia, kitabu kikafuata.

Kuna kisa ambacho mimi kama paroko siwezi kukiacha. Kwa hamu ya Sakramenti, walei wale walichaguana wenyewe kuwa mapadre, wakaanza kuungamisha na kuadhimisha Misa. Baadaye mmoja wao, akivipitia tena vitabu, akaona kwamba hilo haliwezekani. Wakaandika Peking kuuliza, askofu akawaambia waache, nao wakaacha. Padre wa kwanza, Mchina Yakobo Zhou Wenmo, alipoingia kwa siri mwishoni mwa 1794, alikuta waamini wapatao 4,000.

Gharama ilikuja mwaka 1801. Chong Yak-jong, aliyekuwa ameandika katekisimu kwa herufi za Kikorea ili wanawake na watu wasiojua Kichina waweze kuisoma, alikatwa kichwa. Mdogo wake, Chong Yak-yong, aliyebatizwa Yohane, alijitenga na imani hadharani. Aliponea, akakaa uhamishoni miaka 18 akiandika mamia ya juzuu. Yi Sung-hun naye alikuwa ameikana imani zaidi ya mara moja, na bado aliuawa. Siwahukumu, sijawahi kuulizwa swali lile nikiwa mbele ya upanga. Mwana wa Yak-jong, Paulo Chong Ha-sang, alikuwa mtoto mdogo mwaka ule. Aliuawa mwaka 1839, na ndiye tunayemkumbuka kila Septemba 20 pamoja na Mtakatifu Andrea Kim Taegon.

Mwaka uleule wa 1801 kijana Hwang Sa-yong, mkwe wa ukoo wa Chong, alijificha Paeron, kijiji cha wafinyanzi, katika pango. Humo aliandika kwenye kitambaa cha hariri, chenye sentimita 62 kwa 38 hivi, herufi zaidi ya 13,000 kwa askofu wa Peking, akieleza mateso ya Kanisa. Aliomba hata merikebu za kivita kutoka Ulaya, na hapo naona alikosea, tena kosa lake liliwaongezea wenzake mateso. Barua ilinaswa, naye akauawa. Leo imo Vatikano.

Waliosalia walikimbilia milimani. Huko wengi, wakiwemo watoto wa nyumba za wasomi, waliishi kwa kufinyanga onggi, vyungu vikubwa vya kahawia vya kuhifadhia vyakula vya kuchachushwa, ndugu wa chungu chetu cha maharage. Kazi hiyo ilidharauliwa, kwa hiyo hakuna aliyewauliza maswali mengi. Na muuza vyungu ana sababu ya kupita kijiji hadi kijiji, akibeba pia habari za ndugu waliotawanyika.

Kardinali Stefano Kim Sou-hwan, Askofu Mkuu wa Seoul tangu 1968 hadi 1998, aliyefariki mwaka 2009, alizaliwa katika familia ya wauza vyungu hivyo. Babu yake alikufa kwa ajili ya imani katika mateso ya miaka ya 1860. Kwa desturi ya Korea, msomi hujichagulia jina la kalamu. La kwake lilikuwa Onggi.