Damu ya Majengo

Ukishuka Gikomba ukakata kuingia Majengo, uko kwenye mtaa ambao damu ya wanawake wake imesafiri kuliko wengi wetu. Imefika hadi Winnipeg, Kanada.

Mambo yalianza 1985. Muuguzi Elizabeth Ngugi na daktari Mkanada Frank Plummer walikuwa wakiwapima wanawake wanaouza ngono hapa Pumwani. Karibu theluthi mbili walikutwa na virusi vya Ukimwi. Lakini miaka ikasonga, na wachache waliokuwa wakikutana na virusi kila mara wakabaki bila. Wanasayansi wa dunia nzima wakataka kujua kwa nini. Halafu ikaja ajabu nyingine: baadhi ya hao wachache walipopunguza kazi, ndipo wakaambukizwa, kama vile kinga imesahau adui wake.

Kusahau, kukumbuka. Si hiyo ni kazi ya ubongo? Tangu 1975, huko Rochester, Marekani, Robert Ader na Nicholas Cohen walishaonyesha kwamba hivi viwili vinaongea. Waliwapa panya maji ya sakarini pamoja na dawa ya kushusha kinga. Baadaye, sakarini peke yake ilitosha kuishusha.

Hofu inapita njia hiyohiyo. Ubongo ukishtuka, huziagiza tezi zilizo juu ya figo zimwage kotisoli. Ya siku moja haina noma, inakusaidia kukimbia. Ya miezi na miezi huivuruga kinga. Na kinga nayo hujibu: malaria ikikuangusha, kemikali zake hufika kichwani, ndiyo maana hutaki stori na mtu, unataka blanketi tu.

Sasa weka hapo maisha ya Majengo: mteja mwenye ngumi, kanjo, kodi ya keja, mtoto amelala chumba hichohicho. Ngugi aliliona hilo mapema, akawa anawakusanya kwenye baraza wasaidiane. Lakini maabara ilitaka seli.

Utafiti wa Maisha Fiti, ulioanza Nairobi 2019, ndio uliounganisha mambo haya waziwazi. Wanawake zaidi ya 1,000 wa kazi hii waliulizwa kuhusu kupigwa, huzuni na pombe, wakapimwa damu, wakakatwa nywele kidogo, kwa sababu kotisoli ya miezi iliyopita hubaki humo. Kutoka 1985 ni miaka 34. Ngugi alikuwa ameshafariki, 2015. Plummer alifia hapa Nairobi, Februari 2020.