Thumuni ya ekari na mita ya Mwingereza

Karibu na Maungu, kati ya Voi na Mackinnon Road, hupita reli mbili. Ile kongwe, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ina upana wa mita moja kamili. Ile mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ina milimita 1,435, idadi ya ajabu mpaka uigeuze: ni futi nne na inchi nane na nusu. Yaani Mwingereza, mtu wa futi na maili, alitutandikia reli ya mita. Mchina, mtu wa mita, akaja na reli ya futi! Si fumbo. Upana wa mita ulikuwa umezoeleka India, walikotoka mafundi na vibarua wengi wa reli ile.

Kabla ya reli, Maungu ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Taru na kiu yake. Joseph Thomson alipita hapa mwaka 1883 akielekea Umasaini. Mizigo ya wapagazi ilipimwa kwa frasila, ambayo ni ratili 35 hivi, au kilo 16. Nguo za kubadilishana zilipimwa kwa mwili: shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono minne ni pima. Upande wa nguo ulikuwa pima moja, na pande mbili zikawa doti. Bila shaka ubishi haukukosekana, maana mkono wa nani? Ndiyo maana wazee walitofautisha dhiraa kamili, inayofika ncha ya kidole, na dhiraa konde, inayoishia kwenye ngumi. Frasila imetutoka kinywani, lakini doti ingali hai kwa kila muuza leso.

Baada ya uhuru Kenya ilihamia mita, kilo na lita. Sheria ilihama, ndimi hazikuhama zote. Mpaka leo fundi hukuuliza chumba ni kumi kwa kumi, naye haulizi mita.

Hapa ndipo pa kuwa macho, hasa kwa mnunuzi wa ploti. Dalali husema, “Hii ni thumuni ya eka, hamsini kwa mia.” Thumuni ni neno la asili ya Kiarabu, sehemu moja ya nane (ingawa Mkenya wa umri wangu akilisikia hukumbuka sarafu ya senti hamsini). Sasa tupige hesabu. Ekari ni futi mraba 43,560. Thumuni yake ni 5,445. Hamsini kwa mia ni 5,000 tu. Zilizopotea ni 445, vyumba vinne vya kumi kwa kumi na ushee.

Hatimiliki nayo hunena kwa hekta. Thumuni halisi ingeandikwa 0.0506, hamsini kwa mia ni 0.0465. Ukiona sufuri hizo usizipuuze: gawanya kwa 0.4047 upate ekari.

Tena wapo wanaoiita ekari “heka”. Sikio lisilo makini hudhani heka na hekta ni mamoja, kumbe hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Binafsi ningependa tuandike “ekari” na kuiacha “heka” kwenye mazungumzo, na kila mkataba wa shamba utaje vipimo vyote viwili, kwa tarakimu na kwa maneno.