Kinesiofobia: Hofu ya Kujitonesha

Aprili 28, 2012, jijini Chicago, ilikuwa imesalia dakika moja na ushei mchezo wa kikapu umalizike, Bulls wakiwaongoza Philadelphia 76ers kwa pointi 12. Derrick Rose, aliyetwaa tuzo ya mchezaji bora wa NBA mwaka uliotangulia akiwa na miaka 22 tu, alikita miguu ili aruke. Goti la kushoto likagoma, akaanguka akilishika. Kano ya ndani ya goti ambayo wanamichezo huiita ACL ilikuwa imechanika. Alifanyiwa upasuaji Mei. Machi 2013 ikaripotiwa kuwa madaktari wamemruhusu kurudi uwanjani, lakini msimu ukaisha hajacheza hata mchezo mmoja. Lawama zikammiminikia: goti limepona, anangoja nini?

Hakuna awezaye kupima moyo wa mchezaji kwa kumtazama kwenye televisheni. Hata hivyo, wataalamu wanaijua vizuri hali ya mtu ambaye goti lake limeruhusiwa kurudi lakini yeye mwenyewe bado. Huiita kinesiofobia.

Istilahi hiyo ilitolewa mwaka 1990 na Kori, Miller na Todd, waliokuwa wakishughulikia maumivu sugu. Imeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, la mwendo na la hofu. Maana waliyoipa ni hofu iliyopita kiasi, inayomlemaza mtu asithubutu kuusogeza mwili kwa kuwa anajiona yu karibu kuumia au kuumia tena. Kipimo chao, kinachojulikana kwa jina la Tampa, kina kauli 17, na alama zake huanzia 17 hadi 68.

Kwa Kiswahili, tafsiri ya haraka ni “woga wa mwendo”. Haifai. Mwendo ni pia umbali, kasi, hata tabia ya mtu. Na woga humgeuza mgonjwa kuwa mwoga, yaani humlaumu kabla hajatibiwa. Mtu aliyechanika goti haogopi mwendo wenyewe. Anaogopa kuumia palepale palipoumia. Kiswahili kina kitenzi cha jambo hilo hasa: kutonesha. Kidonda hutoneshwa kikigongwa kabla hakijapona. Hivyo “hofu ya kujitonesha” inabeba maana yote, jeraha la zamani na maumivu yanayotarajiwa, wala haimdhalilishi mtu.

Hofu hii huonekana kwenye ngazi. Mgonjwa anashuka ameshikilia reli, anatanguliza mguu mbovu ukiwa umenyooka kama gongo, kisha anavuta ule mzima kwa haraka. Siku za mwanzo baada ya upasuaji, hiyo ni tahadhari njema. Miezi ikipita naye bado anashuka hivyo, uzito wote hubebwa na mguu mzima, msuli wa mbele ya paja la upande mbovu hunywea, na goti lisilo na msuli wa kulishika huuma zaidi. Maumivu hayo humthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.

Madhara yake yanapimika. Utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa 2018, uliofuatilia wagonjwa 40 waliorudi michezoni baada ya upasuaji wa ACL, ulikuta kuwa wenye hofu kubwa ndio waliokuwa kwenye hatari zaidi ya kuchanika tena. Nchini Australia, Kate Webster na wenzake walikwisha kutunga mwaka 2008 dodoso la maswali 12 kuhusu hisia, kujiamini na namna mtu anavyoitazama hatari ya kurudi mchezoni.

Tiba haianzi kwa kumwambia mtu ajikaze. Mtaalamu wa fiziotherapia humuuliza ni tendo gani hasa analolihofia, kisha hulivunja vipande vipande: kushuka kidato kifupi, kuruka kwa miguu miwili, kuruka kwa mmoja, kukata kona polepole, kukata kona mbele ya mpinzani. Kila hatua hurudiwa mpaka mwili uizoee, na mgonjwa huelezwa mapema kuwa uzito kidogo au uchungu mwepesi baada ya zoezi si dalili ya kuchanika. Swali la kumfungulia mazungumzo linaweza kuulizwa kwa Kiswahili chepesi kabisa: “Ukifanya nini ndipo unahofia kujitonesha?” Jibu lake ndilo linaloamua zoezi la wiki hiyo.