Stella Chiweshe: mbira iliyoitwa ya kipagani ikazunguka dunia

Tarehe 20 Januari 2023, huko Harare, mji mkuu wa Zimbabwe, aliaga dunia mama mmoja wa miaka 76. Jina lake kamili lilikuwa Stella Rambisai Chiweshe. Nchini kwake walimwita Ambuya Chinyakare, yaani bibi wa muziki wa asili. Huko Ulaya walimwita malkia wa mbira. 

Lakini alipokuwa msichana, kazi aliyotaka kuifanya ilikuwa na jina lingine kabisa. Kanisani waliiita upagani. Serikali ya wazungu iliitazama kwa jicho la mashaka. Na hata wazee waliolinda mila walimwambia kwamba mbira si ya mwanamke. Historia yake inafaa kusimuliwa hapa Congo pia, kwa sababu maneno hayo yote tunayajua.

Ndugu ya likembe

Mtu wa Congo akiiona mbira haulizi sana. Ni ndugu ya likembe: ubao mgumu, vyuma vyembamba vilivyopangwa juu yake, na vidole vinavyovigonga. Ile kubwa ya Washona ina vyuma 22 au zaidi. Mpigaji hutumia vidole gumba viwili na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Mbira huwekwa ndani ya kibuyu kikubwa ili sauti ivume, na juu ya kibuyu hicho hufungwa makombe au vifuniko vya chupa vinavyolia pamoja na kila noti. Mara nyingi wapigaji ni wawili: mmoja anaongoza, mwingine anajibu katikati ya sauti za mwenzake. Pembeni yuko mtu wa hosho, manyanga ya kibuyu, anayeshika mwendo wa wimbo.

Jina lake kamili ni mbira dzavadzimu. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani, kwa maana vadzimu wa Washona ndio mizimu ya Waswahili. Ni mbira ya mizimu, ya wazee waliotangulia.

Katika imani ya Washona, Mungu mkuu anaitwa Mwari. Wazee waliokufa ndio wanaochukua maombi ya watu na kuyafikisha kwake. Ukoo ukipatwa na ugonjwa usioeleweka, au mvua ikikataa kunyesha, watu wanaandaa sherehe inayoitwa bira. Pombe ya ulezi inapikwa siku kadhaa kabla. Ugoro unatolewa kwa heshima ya wazee. Kisha mbira inapigwa usiku kucha. Kila mzimu una nyimbo ilizozipenda wakati ule ilipokuwa mtu, na mpigaji anazitafuta mpaka mzimu umpande mtu wake, anayeitwa svikiro, useme na jamaa yake. Basi mpigaji wa mbira hakuitwa kuchezesha watu. Aliitwa kama vile mganga anavyoitwa, au padri.

Kwa nini wazungu waliiogopa

Wakoloni wa Kiingereza waliingia katika nchi ya Washona mwaka wa 1890. Miaka sita baadaye, mwaka wa 1896, watu waliinuka. Katika vita hivyo masvikiro walikuwa na sauti kubwa kuliko machifu wengi. Mmoja wao alikuwa mwanamke, svikiro wa Nehanda. Wazungu walimkamata na kumnyonga mwaka wa 1898, pamoja na svikiro wa Kaguvi. Mwaka uliofuata ikatoka sheria ya kuzuia uchawi, na kwa macho ya mkoloni haikuwa mbali kutoka mganga wa kienyeji hadi mchawi.

Misheni nazo zilifanya kazi yake. Shule nyingi zilikuwa mkononi mwao, na mtoto aliyetaka kusoma mara nyingi alitazamiwa kubatizwa. Wamisionere wengi walifundisha kwamba anayeita mizimu anaita shetani, na kwamba mbira ndiyo inayoiita. Mkristo mzuri aliiacha nyumbani kwa babu yake. Hivyo chombo kilichokuwa katikati ya maisha ya ukoo kikasukumwa pembeni, kikabaki vijijini na katika sherehe za siri.

Msichana wa Mhondoro

Stella alizaliwa tarehe 8 Julai 1946 katika kijiji cha Mujumi, eneo la Mhondoro. Alianza kujifunza mbira mwaka wa 1966. Nchi ilikuwa bado inaitwa Rhodesia. Mwaka mmoja kabla, Ian Smith na wazungu wenzake walikuwa wamejitangazia uhuru wao wenyewe, na mwaka huohuo wa 1966 risasi za kwanza za vita vya ukombozi zilisikika.

Ugumu wa kwanza haukutoka kwa Smith, ulitoka nyumbani. Katika bira, mwanamke alipika pombe, aliimba, alicheza, na aliweza kushika hosho. Mbira ilikuwa ya wanaume. Stella aliomba afundishwe, akakataliwa. Mwishowe mzee mmoja wa ukoo, mjomba wa mama yake, alikubali kumfundisha. Masomo hayo yalichukua miaka mingi, mpaka 1973. Katika miaka hiyo alipiga katika sherehe za usiku zilizofanywa kwa kificho. Hakukuwa na tiketi wala jukwaa, na aliyesikiliza alikuja kwa sababu alikuwa na shida.

Mwaka wa 1974 aliingia studio na kurekodi wimbo unaoitwa Kasahwa. Mbira aliyoipiga siku hiyo haikuwa yake, aliiazima. Diski ndogo za wakati ule zilichukua dakika tatu au nne tu kila upande, wakati wimbo wa bira unaweza kuzunguka usiku mzima bila kuchoka. Ilibidi usiku huo ukatwe na kufungwa ndani ya dakika chache. Lakini watu waliinunua. Kasahwa ilipata diski ya dhahabu, na baada yake Stella alitoa diski nyingine ndogo moja baada ya nyingine.

Tuitazame vizuri hiyo miaka. Vita vilikuwa vinapamba moto. Wapiganaji porini waliwaendea masvikiro kuomba baraka, na jina la Nehanda lilikuwa limerudi katika midomo ya vijana. Mwanamuziki Thomas Mapfumo alikuwa anahamisha sauti za mbira kwenye gitaa la umeme. Kununua diski ya mbira mjini kulikuwa njia ya Mwafrika kujiambia kwamba kile alichofundishwa kukionea haya hakikuwa aibu.

Kutoka mshahara wa serikali hadi kujitegemea

Uhuru ulikuja tarehe 18 Aprili 1980. Rhodesia ikawa Zimbabwe, na serikali mpya ilitaka utamaduni wa nchi uonekane. Mwaka wa 1981 Stella aliingia katika kikundi cha taifa cha ngoma. Humo alipiga mbira, alicheza na kuigiza, na alisafiri nje ya nchi. Kwa msanii wa Afrika wakati ule, hiyo ilikuwa nafasi nzuri.

Hakubaki. Katikati ya miaka ya 1980 aliunda kikundi chake mwenyewe na kukiita The Earthquake, maana yake tetemeko la ardhi. Mwaka wa 1987 ilitoka albamu yake Ambuya?. Baadaye alifanya kazi kwa miaka mingi na Piranha, nyumba ndogo ya muziki ya Berlin, nchini Ujerumani. Aliolewa na Mjerumani, akaishi kati ya Ujerumani na Zimbabwe. Binti yake, Virginia Mukwesha, naye akawa mpigaji wa mbira. Mwaka wa 2004 mama na binti walizunguka Uingereza pamoja.

Maisha ya kujitegemea si mteremko. Hakuna mshahara wa serikali, wala kampuni kubwa ya kulipa matangazo. Msanii anaishi kwa maonyesho, kwa diski zinazouzwa mlangoni baada ya onyesho, na kwa watu wanaosimuliana. Stella aliishi hivyo kwa zaidi ya miaka 30, akiwa na chombo ambacho wengi walidhani hakina soko.

Je, mzimu una bei?

Hapo ndipo penye swali zito, na waumini wa mila wanaliuliza hata leo. Ikiwa mbira inaita wazee, je, ni halali kuipiga Berlin mbele ya watu walionunua tiketi? Mkristo anauliza kwa nini tupeleke upagani kwenye jukwaa. Mzee wa mila anauliza kwa nini tupeleke kitakatifu sokoni. Mmoja anasema ni kibaya mno, mwingine anasema ni kizuri mno, lakini wote wawili wanataka kifichwe.

Kazi ya Stella ilitoa jibu la namna yake. Katika kikundi chake aliiweka mbira pamoja na marimba na ngoma. Marimba hizo hazitoki katika bira. Zilienea Zimbabwe kutoka chuo cha muziki cha Kwanongoma, Bulawayo, katika miaka ya 1960. Kwa hiyo aliyesikiliza The Earthquake alisikia muziki wa kuchezwa, wenye nguvu ya bira ndani yake, bila kuwa bira yenyewe. Lakini pia hakuigeuza imani kuwa mapambo. Albamu yake ya mwaka wa 2002 inaitwa Talking Mbira, mbira inayosema. Nyingine ya mwaka wa 1998 inaitwa The Healing Tree, mti wa uponyaji. Aliwaambia Wazungu waziwazi chombo hicho ni cha nini. Hakukiita sanaa tu ili wasiogope.

Hapa Congo tunao mfano wa karibu. Mzee Mawangu Mingiedi wa Konono N°1 aliuleta Kinshasa muziki wa Wazombo, watu wa mpaka wa Angola, muziki wa kuwakumbuka wazee. Mjini kelele za magari zilimshinda. Akatengeneza vikuza sauti kutokana na sumaku za magari mabovu na kuvifunga kwenye likembe. Mwaka wa 2004, diski ya Congotronics iliyotolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji iliwapeleka kwenye majukwaa makubwa ya dunia. Mingiedi alifariki mwaka wa 2015. Yeye na Stella walipita njia zinazofanana bila kufundishana.

Kilichobadilika na kilichobaki

Makanisa nayo yalijifunza kitu. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliomalizika mwaka wa 1965, Wakatoliki wa Zimbabwe waliruhusu ngoma na hosho katika Misa, na hata mbira ikaingia. Hapa kwetu, Roma ilikubali Misa ya Kizaire mwaka wa 1988, na ndani yake wazee waliotangulia wanaitwa waungane na waumini katika sala. Babu aliyepigwa marufuku mlangoni aliingizwa ndani na watoto wa wale waliomfukuza.

Mwaka wa 2018 diski ndogo za kwanza za Stella, za 1974 hadi 1983, zilikusanywa na kutolewa upya chini ya jina Kasahwa. Mwaka wa 2020 shirika la UNESCO liliandika utengenezaji na upigaji wa mbira katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la Zimbabwe na Malawi. Stella aliishi kuyaona yote mawili.

Lakini orodha ya UNESCO haimfundishi mtoto kupiga. Stella alijifunza kwa sababu mzee mmoja alikubali, wakati wengine walikataa. Katika vijiji vya Congo bado kuna wazee wanaojua likembe na nyimbo za kuwaita wazee wao. Wengi hawapigi tena, kwa sababu mchungaji alisema ni kazi ya shetani, au kwa sababu wajukuu wanacheka. Si lazima mjukuu aamini kila anachoamini babu yake. Anaweza kwenda kanisani Jumapili, na Jumatatu akakaa chini, akaomba aonyeshwe kidole kinakaa wapi. Mzee akizikwa kabla ya kuombwa, Piranha wala UNESCO hawataweza kumfufua.