Neno la Wiki: Fokasi

Fokasi imetokana na neno la Kilatini lenye maana ya meko. Johannes Kepler ndiye aliyeliingiza katika hisabati mwaka 1604. Kwenye parabola, fokasi ni nukta iliyo ndani ya tao. Nje ya tao upo mstari mnyoofu uitwao mwelekezi. Kila nukta ya parabola iko umbali sawa kutoka kwenye fokasi na kwenye mwelekezi. Pima mwenyewe: fokasi ikiwa (0, 1) na mwelekezi y = −1, nukta (4, 4) iko vizio 5 kutoka kwenye fokasi, na 5 kutoka kwenye mstari. Kwa usawa huo, mawimbi yanayoingia sambamba na mhimili wa dishi lenye umbo la parabola hukutana kwenye fokasi, na hapo ndipo hufungwa kipokezi. Walimu, tuanze na maana hii kabla ya fomula.